Shule Kongwe ya Mji Mdogo, Shule Mpya ya Bweni au Sekondari ya Kata? Ulinganisho kwa Anayekwenda Kidato cha Tano Kanda ya Kati

Kati ya matokeo ya kidato cha nne na siku TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, inapotangaza waliochaguliwa, kuna wiki chache ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuingia kwenye mfumo na kubadilisha machaguo yake. Katika wiki hizo nilikaa na dada yangu hadi usiku wa manane tukibishana juu ya mwanawe. Dada alitaka shule mpya yenye vigae na maabara inayong'aa. Mimi nilitaka shule ya zamani, kwa kuwa nilisoma kwenye jengo la zamani na hadi leo nikipita pale moyo unatulia. Mwenye safari alikuwa amelala. Asubuhi alituuliza jambo moja tu: "Mjomba, huko maji yapo?" Tulitazamana. Hakuna aliyejua.

Ninayoandika hapa ni ya mzazi, mlezi au mwanafunzi aliyekwama kama tulivyokwama sisi. Ninalinganisha aina tatu za shule za serikali zenye kidato cha tano na sita katika Dodoma, Singida na wilaya za jirani.

Ya kwanza ni shule kongwe ya mji mdogo, ile yenye kuta nene, veranda ndefu na miti mikubwa uwanjani. Ya pili ni shule mpya ya bweni iliyojengwa na serikali miaka ya karibuni. Humo zimo shule 26 za sayansi za wasichana, moja kwa kila mkoa, zilizo chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Ya tatu ni sekondari ya kata. Nyingi za aina hiyo zilizaliwa na MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na baadhi zimepandishwa hadi kupewa kidato cha tano.

Vigezo vyangu ni sita: maji, jengo, walimu na maabara, usalama wa usiku, gharama, na mji unaoizunguka shule. Sivipi uzito sawa. Viwili vya kwanza nitakaa navyo, kwa sababu ndivyo watu husahau kuviuliza.

Kwanza, ukongwe wa namna gani?

Neno "shule kongwe" linabeba mambo tofauti. Serikali ilipoanza ukarabati iliorodhesha shule kongwe 89 za sekondari nchini, na historia zao hazifanani. Hapa kanda ya kati historia hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, na wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika pale miaka ya 1870. Reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 ilikuwa imepitia Gulwe, ikauacha mji wa Mpwapwa pembeni, na ndiyo maana umebaki mji mdogo wenye mambo makubwa nyuma yake.

Kongwa ina yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi wa karanga, ukashindwa, ukafutwa mwaka 1951. Kulikuwa na shule ya watoto wa Kizungu iliyofungwa mwaka 1958. Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO, ANC na wenzao waliweka kambi, na makaburi ya baadhi yao yako hapo hadi leo. Dodoma mjini kulikuwa na Alliance, iliyokuja kuitwa Mazengo kwa jina la mtemi wa Wagogo. Mwaka 2007 majengo yake yakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Halafu zipo zilizokuwa za misheni zikachukuliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969.

Asili ya shule inakupa fununu ya hali yake. Wamisionari walitafuta chemchemi na kilima kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Serikali ya kikoloni ilijenga karibu na boma na barabara. Majengo ya mradi yalijengwa kwa haraka, na mengine hayakukusudiwa kuishi miaka sabini. Kwa hiyo ukiambiwa shule ni kongwe, uliza ilijengwa na nani na kwa ajili ya nani.

Maji

Wapagazi wa misafara walijaza vibuyu Mpwapwa kwa sababu mbele yao kulikuwa na kipande kilichoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, ambako maji yalikuwa adimu na machungu. Nchi haijabadilika sana. Dodoma hupata chini ya milimita 600 za mvua katika mwaka wa kawaida, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi.

Shule kongwe mara nyingi ina nafasi nzuri: iko chini ya kilima chenye chemchemi au karibu na bomba la kwanza la mji. Ina pia mapaa makubwa. Fanya hesabu hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bweni lenye paa la mita 30 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 500, linapokea lita 150,000. Ukipoteza robo kwa mifereji mibovu, zinabaki kama 112,000. Wanafunzi 80 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku watazimaliza kwa siku 70. Kiangazi cha huku kinafika miezi saba. Maana yake tangi la mvua ni msaada mkubwa, lakini peke yake halivushi mwaka. Tatizo jingine ni mabomba ya chuma yaliyolazwa kwa ajili ya wanafunzi wachache, ambayo sasa yanahudumia umati huku yakiwa yameliwa na kutu.

Shule mpya kwa kawaida ina kisima chake, pampu, na simtank juu ya mnara. Ikifanya kazi, raha. Lakini shule nyingi mpya zimewekwa pale ardhi ilipopatikana bure, tambarare kavu nje ya mji, na pampu ikiungua au umeme ukikatika siku tatu, hakuna chemchemi ya kukimbilia.

Sekondari ya kata ina shida ileile ya kijiji chake. Hata hivyo mwanafunzi wa kutwa anaoga na kufua kwao, na hilo ni jambo kubwa, hasa kwa msichana.

Swali la kuuliza shule zote tatu ni hili: mwezi wa kumi mnachota wapi? Usiulize habari ya Aprili. Aprili kila shule ya Dodoma ina maji.

Jengo: joto, paa na kuta

Hapa nakiri nazungumza kwa mapenzi. Ukiingia darasa la zamani saa nane mchana mwezi wa Novemba, jua likiwa linachoma kiwanja, unakutana na ubaridi mlangoni. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Ukuta mnene wa mawe au matofali unapokea joto polepole, na jua linazama kabla joto hilo halijapenya ndani. Dari iko juu, hewa ya moto inapanda na kuwaachia watu nafasi. Veranda inaukinga ukuta usipigwe na jua moja kwa moja, na madirisha yanatazamana, upepo wa Dodoma unapita. Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi ya kukaza vidole, ukuta uleule unarudisha joto ulilohifadhi mchana. Mtoto anayejisomea hadi saa nne usiku ndani ya chumba cha namna hiyo anakaa muda mrefu bila kuchoka, na hilo nimeliishi.

Darasa jipya la tofali za saruji na bati jembamba, hasa likikosa dari, huwaka kuanzia saa sita. Mvua ikipiga, mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu hasikiki. Shule mpya zilizojengwa vizuri zimewekewa dari na madirisha makubwa, na hizo zinakaribia raha ya zamani. Sekondari za kata ndizo zinazoumia zaidi. Wananchi walijenga kwa nguvu zao hadi kwenye lenta, serikali ikaezeka, na mara nyingi dari ilibaki ahadi.

Lakini jengo kongwe linadai. Kuna mambo manne ya kutazama ukienda kulitembelea, na yote yanaonekana kwa macho ya mtu asiye fundi.

Anza na paa. Shule nyingi za zamani ziliezekwa kwa asbesto, zile karatasi nene za kijivu. Zikiwa nzima hazina vurugu, lakini zikipasuka au kukatwa vumbi lake linaharibu mapafu, na ndiyo maana ukarabati wa shule kongwe umekuwa ukiziondoa. Ukiona zipo na zimevunjika juu ya bweni, uliza zinaondolewa lini. Angalia pia dari: madoa ya kahawia ni mvua iliyopita, na harufu kali ya mkojo ni popo.

Kisha tazama chini ya ukuta, ile sehemu ya mguu. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu utoke. Fundi wa leo akizipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi nyeupe inachomoza, lipu inabanduka vipande vipande. Ukiona hivyo shule imekarabatiwa kwa macho tu. Cha tatu ni nyufa. Bonde la Ufa linapita Bahi na Kilimatinde, na ardhi ya huku hutikisika mara kwa mara. Ufa mwembamba kama unywele hauna neno, ila ule unaoweza kuingiza sarafu na unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha unahitaji jibu la mhandisi. Cha nne ni mchwa. Gonga mwimo wa mlango kwa kidole. Ukisikia utupu ndani, kenchi nazo zina mashaka.

Jambo moja shule kongwe karibu zote zinashindwa: ngazi. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu atapata shida kufika maktaba, bwalo na choo. Shule mpya zimejengewa njia za mteremko, na kwa mtoto huyo sioni haja ya kuendelea kulinganisha.

Walimu, maabara na vitabu

Hapa umri wa jengo hausemi kitu, na wazazi wengi hujidanganya. Shule kongwe inaweza kuwa na jina kubwa na isiwe na mwalimu wa fizikia. Sekondari ya kata isiyojulikana inaweza kuwa na walimu wazuri wa historia, jiografia na Kiingereza wanaofundisha HGL, yaani masomo hayo matatu, kwa moyo wote. NECTA, Baraza la Mitihani, huchapisha matokeo ya kidato cha sita kwa kila shule. Chukua miaka mitatu, tazama idadi ya watahiniwa wa masomo matatu ya mtoto wako na madaraja yao, kisha piga simu uulize kila somo lina walimu wangapi kwa sasa.

Kwa PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia), shule mpya ina faida iliyo wazi: maabara tatu tofauti, meza mpya, umeme kila kona. Maabara za zamani zina meza za mbao ngumu ambazo sijaona za kuzishinda kwa uimara, ila bomba za gesi ziliacha kufanya kazi zamani na soketi ni mbili kwa chumba kizima. Sekondari ya kata mara nyingi ina chumba kimoja kinachobadilishwa kazi kulingana na ratiba.

Maktaba ndiyo fahari ya shule kongwe. Kwa historia, Kiswahili na fasihi, rafu zile ni hazina. Kwa masomo mengine jihadhari, kwani mtaala mpya wa kidato cha tano ulianza Julai 2024 na vitabu vingi vya zamani havilingani nao.

Usalama wa usiku

Mwaka 1994 moto uliunguza bweni la Shauritanga, Kilimanjaro, na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Kila ninapoingia bwenini nawakumbuka, na ninaanza kuhesabu milango. Bweni liwe na milango miwili, ifunguke kwa nje, na ufunguo usikae mfukoni mwa mtu mmoja aliyelala mbali. Madirisha ya zamani ni makubwa, mtu mzima anapita, isipokuwa baadaye yaliwekewa nondo za kuzuia wezi. Nyaya za zamani zilipangwa kwa balbu, na leo zinabeba pasi na chaja za siri. Shule mpya iko mbele kwa nyaya na vizima moto. Bweni la sekondari ya kata huwa ni darasa lililogeuzwa, mlango mmoja, vitanda vimebanana. Hapo usione haya kumuuliza mkuu wa shule.

Gharama na safari

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo zote tatu ziko sawa kwa upande huo. Kinachobaki ni orodha iliyo kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, rimu, jembe, pamoja na michango iliyoandikwa pale. Kwa shule kongwe na mpya, nauli ndiyo hutofautisha. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, lakini kutoka pale kwenda Mpwapwa bado ni zaidi ya kilomita 100 kwa basi.

Sekondari ya kata inaonekana rahisi hadi mtoto anapolazimika kupanga chumba mtaani. Hapo gharama si ya fedha peke yake, na kwa binti nasema wazi kwamba geto ni hatari kuliko bweni lolote nililolitaja.

Mji unaoizunguka shule

Mji mdogo una macho. Muuza vitumbua anajua sare, fundi baiskeli anajua jina la patroni, na bibi aliyekaa nje ya geti atamwambia mwanafunzi "mbukwa", salamu ya Kigogo, na kumuuliza mbona yuko nje saa hizi. Waliomaliza zamani hurudi siku ya mahafali, wengine na mifuko ya saruji, wengine na vitabu. Kijana wa Kongwa anayejifunza historia ya ukombozi anaweza kutembea kwa miguu hadi makaburini. Hayo shule mpya haijayapata bado, kwa kuwa wahitimu wake wa kwanza ndio wanatafuta kazi sasa. Ina utulivu wake badala yake, na pia upweke: ukuta, geti, na pori. Sekondari ya kata ina wazazi wenyewe. Mwalimu akikosekana wiki nzima, habari inafika kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi.

Kwa hali yako

Kama mtoto anakwenda tahasusi (mchepuo wa masomo matatu) ya sayansi na hajawahi kugusa vifaa vya maabara kidato cha kwanza hadi cha nne, elekea shule mpya, mradi pampu yake ina mbadala.

Kama ni wa HGL, HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGE (historia, jiografia, uchumi), anapenda kusoma peke yake na anavumilia choo cha mbali, shule kongwe iliyokarabatiwa itampa mengi. Iwe imekarabatiwa kweli, kwa vile vipimo vinne nilivyovitaja.

Kama ana pumu, epuka paa la asbesto lililovunjika na dari yenye popo, hata jina la shule liwe kubwa kiasi gani.

Kama kuna mgonjwa nyumbani anayemtegemea, au mtoto anatumia dawa za kila siku ambazo hataki wenzake wazione, sekondari ya kata iliyo umbali wa kutembea ni chaguo la heshima. Weka nguvu kwenye taa ya kusomea usiku na chakula cha mchana.

Kama ni binti na shule ya kata iko mbali kiasi cha kupanga, rudi kwenye bweni, liwe la zamani au jipya.

Na kama mfumo umempeleka ambako hamkuomba, jambo linalowapata wengi kwa kuwa nafasi ni chache, pigeni namba iliyo kwenye fomu ya maelekezo kabla ya kwenda dukani. Mwana wa dada yangu alipangiwa shule kongwe, nusu siku kutoka nyumbani. Patroni alitujibu bila kuficha kwamba mwezi wa kumi wanachota bomba la nje ya geti, kwa zamu za mabweni. Dada akaongeza kwenye mzigo dumu la lita 20 lenye mfuniko, akaandika jina la mwanawe kwa rangi ya mafuta. Kijana alilirudisha nyumbani baada ya mtihani wa kidato cha sita, herufi mbili za mwisho zikiwa zimefutika.